Shahidi wa Kobe

Hadithi hii haina shahidi. Anayetaka mashahidi na aende zake Yakini, huko atapewa mpaka awakimbie. Sisi wengine tukae tusikilizane, maana ninayoyaeleza yalimpata mtu ninayemfahamu vizuri, Somoe binti Haji, msuka mikeka, mjane, mwanamke wa mdomo mkali na mikono myepesi. Aliondoka kwao akiimba, akarudi kanyamaza.

Alikuwa akitafuta milulu, yale majani marefu ya majini yanayosukiwa mikeka. Milulu ya kwao ilikwisha. Watu waliikata mpaka mizizi, kisha wakashangaa mbona haioti. Akasikia kwamba nchi ya Yakini ina kinamasi kikubwa, na milulu yake inampita mtu kimo. Basi akaenda. Njia aliyopita haituhusu. Alifika ana njaa na vumbi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwamkia mwanamke aliyekuwa akichota maji kisimani.

"Hujambo, bibie?"

Yule mwanamke akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani shahidi?"

"Shahidi wa nini?"

"Kwamba upo."

Somoe alidhani anatukanwa. Akataka kumjibu kwa lugha ya kwao, ile inayoanzia kwa mama yako, lakini akawaona wenyeji wawili wakikutana njiani, akanyamaza kuwasikiliza. Mmoja alisema, "Upo?" Mwenziwe akajibu, "Nipo, na shahidi wangu huyu hapa," akamwonyesha kaka yake aliyekuwa nyuma, na kaka mtu akainua mkono akasema ni kweli, ndugu yangu yupo. Ndipo wakaulizana habari za watoto.

Msiwacheke mapema. Watu wa Yakini waliwahi kudanganywa vibaya. Zamani walitangaziwa kwamba maghala ya nchi yamejaa mtama, wakala wakashiba wakalala, na maghala yalikuwa matupu. Njaa iliyofuata iliua nusu yao. Waliobaki wakaapa kwamba hawataamini tena jambo lolote mpaka lithibitishwe mbele ya macho, na kiapo kile kikawa sheria, na sheria ikazaa sheria nyingine, kama mnavyozijua sheria. Mwenye njaa huko hapewi chakula mpaka jirani amtegee sikio tumboni. Mke na mume huitwa barazani kila mwaka wagombane kidogo mbele ya karani, kwa kuwa watu wasiooana hawawezi kugombana namna ile. Maiti huitwa kwa jina lake kwa sauti kubwa, na asipoitika mazishi huahirishwa mpaka kesho, maana huenda amekasirika tu.

Somoe hakuwa na kaka wa kumwinulia mkono. Hawakumfunga, kwa sababu huwezi kumfunga mtu ambaye hajathibitika. Walimpeleka kwa Mthibitishaji Mkuu, Bwana Kilangi, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto wachanga. Somoe aliingia amejiandaa kwa ugomvi. Bwana Kilangi akasimama, akamshika mikono yote miwili.

"Mama yangu, huna mtu hapa?"

"Sina."

"Ndugu? Rafiki? Mtu unayemdai au anayekudai?"

"Nimekwambia sina! Nimekuja kutafuta milulu, nikipata naondoka zangu."

Bwana Kilangi akafumba macho kwa furaha. "Basi wewe ndiye tuliyekuwa tukikungoja."

Akamkalisha, akamletea uji, bila hata kumtegea sikio tumboni, na Somoe akajua kwamba lipo jambo. Bwana Kilangi akamweleza. Kinamasi cha Milulu kina kobe wa majini, kobe wakubwa ambao hawapatikani tena mahali pengine popote. Yakini inawapenda. Wapo kwenye bendera, wapo kwenye muhuri, watoto huimbiwa kobe kabla hawajajua kutembea. Na sheria inasema maji yenye kobe hayakaushwi na mtu yeyote, ila maji yasiyo na kobe ni shamba lililochelewa kukauka. Kwa hiyo kila mwaka lazima ithibitishwe kwamba kobe wapo. Wenyeji wa kinamasini hawawezi kushuhudia, kwa kuwa wanakipenda kinamasi. Watu wa mashamba ya miwa hawawezi, kwa kuwa wanakitamani. Shahidi anatakiwa awe mtu asiyekuwa na upande wowote duniani.

"Nenda kaangalie," alisema Bwana Kilangi. "Urudi utuambie kama kobe yupo. Kisha kata milulu mpaka mgongo ukuume. Ni yako."

Somoe akaona hii ni kazi rahisi kupita kushona ukingo wa mkeka. Akanywa uji wake wote.

Aliyempeleka kinamasini aliitwa Nyamizi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa rika la Somoe, mwenye makovu ya matete miguuni kote, na kazi yake, kama ilivyokuwa ya baba yake, ilikuwa kuvua kobe wa kupelekwa Barazani. Hakuwa mtu wa maneno. Alipiga pondo, mtumbwi ukateleza kati ya kuta za matete na mafunjo mpaka mbingu ikabaki ufito mwembamba juu yao, na Somoe, aliyezoea kusema hata na mbuzi, akajikuta anasema peke yake.

"Hivi huku kuna mtu anaishi?"

"Sisi."

"Mnakula nini?"

"Kambare."

"Na mnapothibitishana, shahidi mnamtoa wapi, mko wachache hivi?"

Nyamizi akaacha kupiga pondo, kwa mara ya kwanza akacheka. "Huku tunasalimiana tu, dada."

Walifika mahali ambapo maji yalifunguka, meusi, yametulia. Nyamizi akamwashiria anyamaze. Wakakaa. Mbu walimtafuna Somoe kwa raha zao. Kisha mapovu yakapanda, machache, kama chungu kinachoanza kuchemka, na pua nyembamba ikatokeza juu ya maji, ikavuta pumzi, ikakoroma kidogo. Ndipo mgongo ukapanda. Lo! Ulikuwa mpana kama sinia la harusi, laini, hauna magamba, rangi ya majani yaliyooza na madoa ya manjano yaliyofifia. Ulipanda ukakaa juani. Jicho dogo likawatazama wale wanawake wawili bila woga na bila urafiki.

Somoe hakuwahi kuona kitu kikubwa kisichotaka lolote kwake. Machozi yalimtoka, wala hakujua kwa nini, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Wengine wako wapi?" akanong'ona.

"Hakuna wengine."

"Mmoja tu?"

"Huyu. Amebeba mayai. Unaona anavyokaa upande? Mvua zikikatika atapanda kwenye kile kichuguu cha mchanga atage. Yakianguliwa, watakuwapo wengine. Zimebaki wiki chache."

"Basi vizuri! Nitawaambia yupo, na mambo yamekwisha."

Nyamizi akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa. "Ukisema yupo," alisema, "mimi natumwa kuja kumchukua. Lazima aonekane. Wanamweka kwenye kiti cha heshima, chali, kwa sababu sheria inataka waone tumbo. Wanasema mgongo hata jiwe la mtoni linao. Wanamvika joho. Wanampa pilau. Huyu anavuta hewa kwa ngozi, dada, akikauka amekwisha."

"Kwa hiyo wanamuua."

"Hawamuui. Wanamheshimu."

"Na wale waliopita, wote..."

"Wote niliwapeleka mimi. Na kabla yangu baba."

Somoe akahisi joto la hasira likimpanda. "Mungu wangu! Na wewe unakaa hapa unamtazama? Mikono yako hiyo haikusuti?"

"Inanisuta," alisema Nyamizi. "Nisipompeleka, kinamasi hakina kobe. Umeona mitaro tulikopita? Watu wa miwa wamechimba mpaka kwenye mpaka wa sheria, wamekaa na matrekta yao wanangoja siku moja tu ambayo kobe hayupo. Kila mwaka natoa mmoja ili maji yabaki kwa ajili ya wengine. Nilidhani ni wengi. Baba naye alidhani hivyo hivyo."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Sijui. Ningejua ningekwisha kukuomba."

Walirudi. Njiani Somoe alipanga hoja, akaipangua, akaipanga tena. Ilikuwa hoja nzuri. Angewaomba wiki chache tu. Hakuna mwenye akili, alijiambia, atakayekataa wiki chache.

Baraza la Yakini hukutana katika jumba refu ambalo madirisha yake yako juu kabisa, karibu na dari, ili wajumbe wasivurugwe na mambo ya nje. Upande mmoja hukaa wajumbe wanaosema. Upande wa pili, kwenye viti vya mninga, wamekaa kobe wa miaka iliyopita, waliokaushwa, waliojazwa pumba, kila mmoja na kitambaa cha kijani kifuani. Hawa huitwa Wajumbe Watulivu. Kila mmoja ana kura. Na kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupinga jambo, kura zao huhesabiwa kuwa zinakubali, na ndiyo maana Yakini haijawahi kuona hoja ikishindwa.

Ni mwiko kusema kwamba kobe amekufa. Husemwa, amekubali.

Bwana Kilangi akamsimamisha Somoe katikati ya zulia. "Shahidi, yupo au hayupo?"

"Yupo," alisema Somoe, "ni mmoja, ana mayai, na nawaomba mwacheni atage kwanza. Wiki chache tu, waheshimiwa. Mimi nimemwona kwa macho haya. Mtakuwa na kobe wadogo wengi, mtawathibitisha mpaka mchoke."

Mnong'ono ukapita. Wengine walitikisa vichwa kwa huruma, na Somoe akapata matumaini. Mjumbe mmoja mzee akasimama, akapendekeza kwamba, kama kobe hawezi kuja, basi Baraza lote liende kinamasini likamwone huko huko. Wakamcheka mpaka akakaa. Baraza likienda kinamasini, walimwuliza, nani atathibitisha kwamba Baraza lipo, na hali kiti chake kitupu? Mwingine akasema ipigwe picha. Akajibiwa kwamba picha ilijaribiwa zamani, ikaonekana kwamba picha ya kobe aliye hai na picha ya kobe aliyekubali ni sawasawa. Wa tatu akauliza kama kobe hawezi kuonyeshwa ndani ya beseni la maji, na hapo mjadala ukawa mrefu kweli kweli, maana maji huficha, na kitu kilichofichwa hakijaonekana, na kisichoonekana wote walijua ni nini. Hoja ya beseni ilipelekwa kwenye kamati. Kamati ile haijarudi mpaka leo.

Kisha akasimama Bwana Mbelwa, mjumbe wa watu wa miwa, kijana mtanashati, mwenye adabu.

"Mimi nampenda kobe kuliko mtu yeyote humu," alisema. "Na kwa kumpenda nauliza. Shahidi anasema yupo, hapo hapo anasema tusimwone. Mtu akikwambia ghala limejaa ila usilifungue, wewe unaelewaje?"

Jumba lote likakumbuka mtama. Somoe aliona nyuso zikifunga, moja baada ya nyingine, nyuso za watu ambao babu zao walikufa kwa kuamini.

"Shahidi," akasema Bwana Kilangi kwa sauti ile ile ya kubembeleza, "tutajie mahali alipo."

"Sitaji."

"Mama yangu..."

"Sitaji! Mnichukulie nguo mkitaka. Mmewaua wote mkawajaza pumba, na sasa mmebakiwa na mmoja mwenye mimba mnataka mumpindue chali mumlishe pilau! Nyinyi mna wazimu?"

Alijisikia vizuri aliposema vile. Kwa muda mfupi sana alijisikia vizuri mno, na baadaye alikuja kuukumbuka muda ule kwa aibu kuliko yote aliyoyafanya.

Bwana Mbelwa hakuudhika. Alisema kwamba, kwa kuwa shahidi amethibitisha kobe yupo lakini amekataa mahali, sheria inaelekeza atafutwe kila mahali. Na kinamasi ni kikubwa, na matete ni marefu. Hivyo anapendekeza, kwa heshima, matete yachomwe moto ili kobe aonekane vizuri. Wajumbe wanaosema waligawanyika. Wajumbe Watulivu walikubali wote.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, mahali wanaposimama watumishi. "Msichome."

Alikuwa Nyamizi. Hakumtazama Somoe.

"Msichome," alisema tena. "Nitamleta."

Alimleta kesho yake, kwenye machela ya mafunjo mabichi, amemfunika matope na majani yaliyolowa, anammwagia maji kwa kibuyu kila hatua. Na watu walivyofurahi, jamani! Hapa ndipo Somoe aliposhindwa hata kuwachukia. Walijipanga barabarani na watoto mabegani, wanapiga vigelegele, wanaimba yupo, yupo. Wazee walilia. Kina mama walinyoosha mikono wamguse, na kila aliyemgusa alimpangusa tope kidogo, kwa upendo, ili aonekane vizuri, hata alipofika mlango wa Baraza alikuwa msafi, anang'aa, ameanza kukauka.

Wakampindua kwenye kiti cha heshima. Tumbo lake lilikuwa jeupe, na miguu ikapiga hewa, taratibu, kama mtu anayeogelea usingizini. Wakamvika joho. Wakamwekea pilau mbele ya ile pua nyembamba. Wajumbe wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akasema, "Nimemwona," na kwa kuwa kila mmoja alitaka kusema maneno machache ya shukrani, shughuli ikapita adhuhuri. Nyamizi alikuwa amesimama na kibuyu chake. Alijaribu kusogea, walinzi wakamzuia, maana maji huficha.

Somoe alisimama karibu na kiti, mahali pa shahidi. Aliiona ngozi ikikunjamana pembeni. Aliliona lile jicho dogo, halikuwa na lawama, halikuwa na kitu.

Na hapo, juu ya kiti kile, mbele ya heshima yote ya Yakini, kobe alianza kutaga. Mayai yalitoka moja moja, meupe, ya mviringo, yakidondoka kwenye zulia na kujiviringisha mpaka miguuni kwa waheshimiwa. Alitaga mengi. Alipomaliza, miguu iliacha kuogelea.

"Amekubali," alisema Bwana Kilangi, akavua kofia.

Sasa msije mkadhani waliyaacha yale mayai yaharibike kwa uzembe. La. Waliyaokota kwa uangalifu, wakayapanga kwenye kitambaa cha kijani, wakafungua mjadala kama mwakani kobe watakuwapo. Mjumbe mmoja alisema haya ni kobe. Mwingine akasema haya ni mayai, na yai si kobe mpaka ithibitike kwamba kobe yumo. Nyamizi alipaza sauti kutoka mlangoni kwamba bado mapema, hayajakaa hata siku, yafukiwe. Wakamwambia yeye ni mtu wa kinamasini, ana upande. Wakalipasua la kwanza. Lilikuwa na ute na kiini. Bwana Mbelwa akasikitika. Mpinzani wake akasema kwa ukali kwamba yai moja huthibitisha yai moja. Haiwezekani nchi ikate tamaa kwa yai moja. Wakampigia makofi, wakapasua la pili. Waliotaka kinamasi kibaki ndio walioongoza kupasua, maana wao ndio waliokuwa na matumaini. Kila lililopasuka walisema, labda linalofuata.

Somoe alipiga magoti. Alilia kama aliyefiwa, akawashika waheshimiwa kanzu, akawaambia acheni, niueni mimi lakini acheni. Wakamnyanyua kwa upole, wakamwambia machozi yake yamethibitika. Na katika kunyanyuliwa, mkono wake ukapita juu ya kitambaa cha kijani, na yai moja likaingia kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyeona isipokuwa Nyamizi, na Nyamizi akageuza uso.

Walikutana nje, nyuma ya jumba, kwenye majani makavu. Ndani walikuwa wakipiga ngoma; kinamasi kilikuwa kimeokoka kwa mwaka huo.

"Lichukue," Somoe alisema. "Kalifukie kwenye kile kichuguu."

"Hapana. Mwakani watataka kobe, na mimi sitakuwa naye, watafukua kila chembe ya mchanga." Nyamizi aliliweka yai katika chungu kidogo chenye matope, akalikalisha taratibu. "Peleka kwenu, dada, kwa watu wanaosalimiana tu. Lifukie mahali pa jua. Usiligeuze. Usilifukue hata iweje. Akiwa tayari atajitoa mwenyewe."

"Nisamehe. Kama ningetaja tu mahali..."

"Ungetaja, ningetumwa. Hukutaja, nimejituma. Nenda sasa."

Milulu aliyopewa ilikuwa mizigo na mizigo. Somoe aliitupa mpakani yote.

Kwao alilifukia nyuma ya nyumba, penye mchanga na jua, akapazungushia uzio wa vijiti kuzuia kuku. Akakaa kulinda. Mikeka hakusuka tena, mikono ilikataa. Watu walimtania mwanzoni, wakamwita mama kobe, wakamwuliza kama ameshaanza kutapika. Hakuwajibu, na mtu aliyemjua Somoe alijua kwamba hilo ni baya. Wiki zilipita, miezi ikafuata. Mchanga ulikuwa mchanga.

Jirani yake alikuwa Bi Mashavu, shoga yake tangu utotoni, mwanamke mwema asiye na hila hata ya kuku. Ndiye aliyemletea chakula siku zote hizo. Asubuhi moja aliweka bakuli la mihogo kwenye kizingiti, akatazama ule uzio, akasema kwa huruma tu:

"Shoga, hivi una hakika limo?"

"Limo."

"Nauliza tu. Miezi yote hii. Isije ikawa linaoza, na wewe unajikondesha kwa uvundo."

"Nimekwambia limo, Mashavu. Niache."

Bi Mashavu akaenda zake. Lakini swali halikuondoka naye. Lilikaa pale kizingitini na ile mihogo. Somoe alijiambia kwamba halimhusu, na mchana kutwa halikumtoka kichwani. Alitega sikio ardhini. Alinusa mchanga. Akaanza kufikiri kwamba, ikiwa limeoza, heri ajue, alie, apumzike. Na ikiwa ni zima, kulitazama mara moja tu kutalidhuru nini? Alikuwa mwangalifu kuliko wale. Yeye alikuwa akilipenda. Kesho yake jua lilipopanda aliinamia mchanga akaanza kufukua kwa ncha za vidole, polepole, akisema bismillahi kila alipochota.

Lilikuwapo, zima, limechafuka kidogo. Aliliinua juani. Halikusema kitu. Alilitikisa karibu na sikio, hakusikia. Alisema, nitafungua kidogo tu, kama tundu la sindano, nione, kisha nitaziba kwa nta. Akaweka ukucha.

Maji yalitoka kwanza. Kisha ganda likabonyea, likapasuka kuliko alivyokusudia, na ndani yake alikuwamo kobe, mdogo kama kifungo cha koti, mwenye madoa ya manjano, kiini bado kinaning'inia tumboni, hajamaliza kukila. Kipua kilifunguka. Kilivuta hewa, kikakoroma kidogo, sauti ndogo mno. Somoe alimrudisha, akamfunika kwa mchanga, akamfukua tena kwa kuwa mchanga ulimwingia machoni, akamlaza kwenye maji katika kiganja, akamfunga kwa kanga, akamwomba, akamwita mwanangu. Mpaka adhana ya adhuhuri kobe alikuwa akihema. Baada ya adhana hakuwa akihema.

Bi Mashavu alikuja kuchukua bakuli lake. Akamkuta amekaa ndani ya uzio, miguu ameinyoosha, kanga ameikunja mapajani.

"Haya, shoga. Limo au halimo?"

Somoe hakuinua uso.

"Alikuwemo," akasema.